Sikukuzarau, Sikukusikia

Wandugu vijana wa Kasongo, wa Kabambare na wa fasi zote,

Nianze na bariere, ju kila mmoja wetu anazijua.

Nilikuwa na miaka 17. Nilikuwa natoka Kabambare kuja Kasongo, nimekaa nyuma ya moto, begi mgongoni. Kwenye bariere abiria anashuka, anavuka kwa miguu, moto inafuata. Nikashuka, nikatembea. Nyuma yangu soda mmoja akaita. Akaita tena. Mimi nikaendelea, macho mbele, kama mtu asiyemuogopa yeyote. Kilichonisimamisha ni mkono wa shofere wa moto: alinivuta shati mpaka kifungo kikakatika. Nikageuka. Bunduki ilikuwa inaangalia kifua changu. Mdomo wa yule soda ulikuwa unakwenda mbio, na katika maneno yake yote nilisoma moja tu, ju ninalijua tangu utoto: "Unanizarau?"

Shofere njo aliniokoa. Alishika sikio lake, akatikisa kichwa, akanionyesha kwa kidole. Soda akacheka. Tukatoa kile kinachotolewaka pale, tukapita.

Mambo yale yote labda yalichukua dakika moja. Mimi nimeyachora mara nane na bado ukurasa ule haujakaa sawa.

Leo niko na miaka 25. Niko na lisansi, iko ndani ya mfuko wa plastiki chini ya kitanda cha mama ili mvua isiiguse. Kazi sina, kama wengi wenu. Sikio langu la kuume limekufa kabisa. La kushoto linapokea sauti nzito-nzito: ngoma, injini ya kamiyo, mwanaume anayeongea karibu. Tangu mwaka jana ninachora kitabu cha maisha yangu, picha na maneno, kile wengine wanaita BD. Jina lake ni lile mmeliona juu ya maandishi haya. Nataka kuwaeleza kwa nini ninakichora, na kwa nini kazi hii inawahusu hata ninyi wenye masikio mazima.

Wanaona tabia, hawaoni ugonjwa

Mtu asiyeona ana fimbo. Mtu asiyetembea, utamuona anavyokwenda. Mtu asiyesikia hana alama. Masikio yake mawili yako pale, mazuri kama yako. Kwa hiyo watu wanatafuta sababu nyingine.

Nyumbani walisema niko na kichwa ngumu. Ku masomo mwalimu mmoja alisema sina adabu, ju alinitaja jina mara tatu na mimi nikabaki nachora mbuzi ndani ya kaye. Kwenye uwanja wa mpira waliniita "Kiburi", na jina lile lilinifuata mpaka sekondari. Jirani mmoja alisema ni uchawi. Na mwaka jana, shirika moja liliniita kwa mazungumzo ya kazi. Watu watatu nyuma ya meza, mmoja ameweka mkono mdomoni wakati wote. Nilijibu maswali ya wawili. Ya yule wa tatu sikuyajua hata kama yalikuwa maswali. Baadaye rafiki aliniambia walichosema: kijana ana akili, lakini anajiona mukubwa.

Umeona? Soda kwenye bariere na mtu wa tai ofisini walisema neno moja. Mmoja alikuwa na bunduki, mwingine alikuwa na kalamu. Wote wawili walifikiri ninawazarau.

Namna ilivyoanza

Ilianza na surua. Nilikuwa na miaka mitano, na sisi tulikuwa tumekimbia kijiji, tunalala shambani ju ya vita. Timu ya chanjo haiendi kwa watu waliojificha msituni. Homa ilipopungua masikio yakaanza kutoa usaha. Mama alifanya kile mama yake alimfundisha: alipasha mafuta ya mawese kidogo, akatia matone. Usaha ulikauka. Sauti nazo zikaenda.

Nilipochora ukurasa ule, nilimuonyesha mama. Aliangalia muda mrefu. Akasema, taratibu, uso wake mbele ya uso wangu namna anavyofanyaka ili nimsome: "Usinichore na ile chupa. Watu watasema mimi njo niliua masikio ya mtoto wangu."

Sikujua nijibu nini. Hakuna aliyenifundisha chuoni kwamba ukiandika maisha yako, unaandika na maisha ya watu ambao hawakuomba kuandikwa. Nilifunga kaye wiki mbili. Kisha yeye mwenyewe akanirudia. Akasema: "Chora chupa. Lakini chora na njia." Njia gani? Siku mbili za kutembea akinibeba mgongoni mpaka fasi yenye sante, na kule munganga akakosa dawa. Mimi sikuikumbuka njia ile. Nilikuwa na homa. Sasa ina kurasa sita ndani ya kitabu, na ni kurasa nzuri kupita zote. Bila mama kukataa, nisingezipata.

Watu wajue: surua haiuwi tu. Mwaka 2019 na 2020 nchi yetu ilipata mlipuko mkubwa wa surua, zaidi ya watu 6,000 wakafa, wengi watoto chini ya miaka 5. Wale waliokufa walihesabiwa. Wale waliopona na masikio yameharibika, nani aliwahesabu? OMS, katika ripoti yake ya mwaka 2021 juu ya usikivu, ilisema karibu 60% ya kutosikia kwa watoto kungezuiwa: kwa chanjo ya surua, ya rubela na ya meninjite, kwa kutibu masikio yanayotoa usaha mapema, na kwa uangalifu na dawa kali zinazoweza kuharibu sikio. Hakuna hata kimoja hapo kinachoomba ndege ya kwenda Ulaya.

Midomo mitatu

Watu wananiuliza: basi ulisoma namna gani mpaka lisansi? Kwa macho. Lakini macho yenyewe yalilazimika kujifunza luga tatu. Nyumbani mama anaongea Kibangubangu. Sokoni na barabarani ni Kiswahili. Ku masomo, ukipita miaka ya kwanza, ni Kifaransa. Mdomo wa Kifaransa haufunguki kama mdomo wa Kiswahili, unajikusanya mbele kama mtu anayepuliza moto. Mwaka ule Kifaransa kilipoingia, niliona kama mwalimu amebadilishwa kichwa.

Na mwalimu akigeuka kuandika ubaoni, kwangu somo limekwisha. Nilibaki na mgongo wake. Ndani ya kitabu changu kuna ukurasa mzima wa migongo: mgongo wa mwalimu wa hesabu, wa jeografia, wa profesa. Nilipita ju ya rafiki mmoja aliyeniachia nakala za kaye zake miaka yote. Siku nilipotetea kazi yangu ya mwisho, yeye alikaa nyuma ya wakubwa, akawa ananirudilia maswali kwa midomo bila sauti. Waliosema nina akili, wasimsahau.

Luga ya ishara sikuijua mpaka nilipokuwa mtu mzima. Na sisi Wakongo hatukukosa historia ya luga hiyo. Andrew Foster, Mmarekani mweusi, alipoteza usikivu akiwa na miaka 11 kwa meninjite. Mwaka 1954 alimaliza Gallaudet, chuo cha viziwi cha Washington, mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka 1957 akafungua shule ya viziwi Ghana, na mpaka kufa kwake kwenye ajali ya ndege Rwanda mwaka 1987 alikuwa amesaidia kuanzisha shule zaidi ya 30 katika nchi 13 za Afrika, Congo yetu ikiwa ndani. Mtu yule hakusubiri wanaosikia wamuonee huruma. Lakini ishara zake hazikufika katika kijiji changu. Sisi nyumbani tulikuwa na zetu: mkono tumboni ni njaa, vidole viwili begani ni soda, kiganja chini ni lala, wamekuja.

Kwa nini picha

Rafiki mmoja alinitumia kwa simu kurasa chache za kitabu cha Mmarekani Cece Bell, *El Deafo*, kilichotoka mwaka 2014. Mama huyu alipoteza usikivu akiwa na miaka minne, meninjite pia. Katika kitabu, yeye na watu wote wamechorwa kama sungura. Kwa nini sungura? Ju sungura ni masikio, na yeye ni sungura ambaye masikio yake hayafanyi kazi. Ku masomo alivaa mashine kubwa kifuani, mwalimu akavaa mikro shingoni, na mashine ile ilimletea sauti ya mwalimu hata mwalimu akiwa chooni! Yeye akaigeuza kuwa nguvu ya shujaa.

Lakini kilichoniamsha mimi ni kitu kidogo. Katika BD, maneno yanakaa ndani ya kiputo juu ya kichwa cha anayeongea. Cece Bell, pale ambapo hasikii, ameacha kiputo kitupu. Mdomo uko wazi, kiputo kiko, ndani hakuna kitu. Betri ya mashine ikikaribia kufa, herufi zinafifia, zinafifia, mpaka zinapotea.

Nilikaa na simu mkononi mpaka ikazimika. Miaka yote nilijaribu kueleza watu kinachotokea, na maneno yalikataa. Yeye alieleza bila neno.

Maisha yangu siyo yake. Mimi mashine sikuvaa, na katika Kabambare sijaona mtu aliyevaa. Kwa hiyo nilitafuta namna yangu. Katika kitabu changu kiputo kitupu ni mwanamke ao mtoto anayeongea mbali. Kiputo chenye herufi zilizokatwa nusu ni mwanaume anayeongea karibu: "...ko wapi ...ndugu ...ko?" Na ngoma, kamiyo, risasi, hizo nimezichora chini, zinapanda kutoka ardhini kuingia miguuni, ju mimi njo namna ninavyozipokea. Msomaji akifika ukurasa wa bariere, anaona mgongo wangu, anaona soda nyuma, na kiputo cha soda ni kitupu. Msomaji hajui ameitwa. Anatembea na mimi. Hapo njo ninapotaka afike.

"Watu wanakufa, wewe unachora"

Ninajua mtakachosema, ju mmekwisha kuniambia. Kabambare kuna vita. Barabara hakuna. Vijana wenye diplome wanakwenda kuchimba zahabu Salamabila. Na wewe unakaa na kalamu za rangi?

Ndiyo. Na nitajibu moja kwa moja.

Kwanza, vita yenyewe. Onyo la hatari kwetu linakujaka kwa sauti: mtu anapiga kelele, radio inatangaza, jirani anagonga mlango, risasi inalia mbali. Asiyesikia anakuwa wa mwisho kujua. Usiku mmoja kiganja kile cha chini kilichelewa, na mimi niliamka peke yangu ndani ya nyumba tupu. Mama alirudi kunitafuta. Sitaeleza zaidi hapa, iko ndani ya kitabu. Lakini msiniambie kwamba masikio ni jambo la wakati wa amani.

Pili, Salamabila hiyohiyo. Wenzetu wanaofanya kazi karibu na mashine za kusaga mawe na baruti, muwaangalie vizuri wakirudi. Wanaongea kwa sauti ya juu. Wanasema "nini?" kila mara. Kelele kubwa ya kila siku inaua sikio taratibu, na likifa halirudi. Kesho wao pia wataitwa Kiburi.

Tatu, nani anaandika historia ya fasi hii? Moja ya vitabu vya zamani vya maisha ya mtu vilivyoandikwa kwa Kiswahili ni kile cha Tippu Tip, na Kasongo imo ndani. Sisi tunajivunia Kiswahili chetu, sawa. Lakini kitabu kile ni cha mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Waliobeba pembe zile kichwani hawakuacha kitabu. Zaidi ya miaka 100 imepita, na bado wanyonge wa hapa wanaelezwa na wengine. Leo wanaelezwa kwa picha: mgeni anakuja, anakusimamisha mbele ya ukuta, anapiga, anakwenda. Picha ile inaombewa feza na wewe huwezi hata kuiona. Nikijichora mimi mwenyewe, ninaamua uso wangu ukae namna gani. Kuna kurasa ambazo ninacheka. Kuna moja ambayo mimi njo mbaya: nilijifanya sikusikia, ili nisiende kuchota maji. Mgeni asingeijua hiyo.

Na nani atasoma? Wengi wa wazee wetu hawasomi. Lakini bibi yangu, asiyejua herufi hata moja, alifungua kaye yangu, akafuata kwa kidole kutoka picha mpaka picha, akafika kwenye kiputo kitupu, akanigusa sikio.

Na sisi wenyewe?

Hapa njo mtanichukia kidogo. Chama chetu cha raia kinasema kinatetea wasio na sauti. Sawa. Basi tuangalie tunavyofanya. Mikutano tunafanya jioni, mwangaza ni wa simu moja, mimi naona vivuli vinavyoongea. Maagizo tunatuma kwa odio ya WhatsApp, dakika tano, sita, bila mstari mmoja wa maandishi. Siku ya maandamano mtu wa megafoni anasema "tugeuke kushoto", wote wanageuka, mimi naendelea mbele peke yangu, kuelekea polisi. Wengine walisema mimi ni jasiri. Hapana, wandugu. Sikusikia.

Kuomba serikali ifanye, na sisi hatujafanya kile kisicholipwa hata franga moja, siyo haki.

Tunachoomba

Sheria iko. Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya ulinzi wa pekee. Mwaka 2015 Congo iliingia katika mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Tarehe 3 Mei 2022 ilitoka sheria nambari 22/003 juu ya ulinzi na kuendeleza haki zao. Karatasi hazikosekani. Kinachokosekana ni mtu wa kuzishusha kutoka Kinshasa mpaka Kabambare. Basi:

1. Wakubwa wa afya: timu za chanjo zifike hata fasi za waliokimbia, na kila sante iweze kutibu sikio linalotoa usaha. Mtoto asisubiri siku mbili mgongoni mwa mama.

2. Wakubwa wa masomo: kila mwanzo wa mwaka mwalimu apime masikio ya klasi kwa njia rahisi. Asimame nyuma ya mtoto, anong'one jina lake. Asiyegeuka, akae mbele. Na mwalimu akiongea, aongee akiangalia klasi.

3. Wakubwa wa jeshi na polisi: watu wa bariere wafundishwe kwamba asiyesimama anaweza kuwa hakusikia. Wampungie mkono kabla ya kushika bunduki.

4. Sisi wenyewe: kila odio ifuatwe na maandishi. Mikutano iwe mchana, ao taa iwe usoni mwa anayeongea. Siku ya maandamano, kando ya mtu wa megafoni asimame mtu wa kitambaa: kitambaa juu ni simama, kushoto ni kushoto, chini ni kaa.

5. Na kama uko na mdogo wako, jirani, shangazi asiyesikia: mpe kaye na kalamu. Usimuandikie. Muulize, umngoje.

Mimi nimebakiza kurasa kumi na mbili. Feza ya kupiga kitabu sina, nitaanza na fotokopi, nyeusi na nyeupe, nishone kwa uzi. Nakala ya kwanza ni ya mama. Ya pili ni ya yule shofere wa moto, kama nitamuona tena, ju sikumuuliza hata jina, na kama alinitajia, hamtashangaa.

Na wewe ukiniona barabarani, ukaniita nisigeuke, usikasirike. Nenda mbele yangu, unipungie mkono.

Kasongo, kwa wandugu wote.